Kijiko cha Bhagbhari

Mama mkwe wangu Bhagbhari sikumpenda, na sitaanza kumpenda leo kwa sababu tu amekufa. Wanaokuja kunisimulia eti alikuwa mtu wa baraka, nawauliza: uliishi naye? Uliwahi kupigwa mwiko wa kichwa kwa sababu umemsahau nyanya wa mtu mwingine? Basi nyamaza, uniache mimi niliyekaa naye jiko moja miaka ishirini na sita nikueleze.

Sisi ni wamirasi. Kule kijijini Kot Sultana kila mtu alizaliwa na kazi yake: mwenye shamba analima, mfinyanzi anafinyanga, kinyozi ananyoa, na mirasi anakumbuka. Wanaume wetu waliwaimbia wanaume wa wenye mashamba majina ya baba na mababu. Sisi wanawake, mirasani, tuliwaimbia wanawake wao majina ya mabinti. Kitabu cha ardhi cha serikali kilikuwa na majina ya wanaume peke yake, kwa hiyo mabinti wa nyumba ya Chaudhry, bwana mwenye shamba wetu, tangu wa kwanza aliyefika pale juu ya ngamia mpaka aliyezaliwa juzi, hawakuandikwa popote. Walikuwa kichwani mwa Bhagbhari. Kwa kazi hiyo tulipewa ngano wakati wa mavuno, nguo walizochoka kuzivaa, na ruhusa ya kujenga vyumba viwili vya udongo kwenye ardhi yao. Ruhusa, si ardhi. Likumbuke hilo.

Na matusi. Hayo tulipewa mwaka mzima, hayakungoja mavuno. Mirasi akipita njiani hata mtoto wa mwenye shamba anamtania, na mirasi kazi yake ni kucheka. Bhagbhari hakuwa mtu wa kucheka. Mke wa Chaudhry alimwambia siku moja mbele ya wageni, "Wee mirasani, hiyo sauti yako ni ya punda mwenye mafua." Bhagbhari akamjibu papo hapo, "Ndiyo, bibi, ndiyo maana nyumba hii mnanielewa vizuri." Wageni wakacheka hadi wakapaliwa. Sisi mwaka ule tulipewa ngano yenye wadudu.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Yeye anatamka, sisi tunalala njaa.

Kuimba kwenyewe kulikuwa hivi. Ngoma ndefu inalazwa chini, wifi yangu Wasai anaipiga kwa viganja pande zote mbili. Bhagbhari anakaa mbele yake na kijiko cha shaba, anagonga ule ubao wa ubavuni. Anaita jina la binti wa nyumba, kijiko kinagonga, tak! na wanawake wote ukumbini wanaitikia. Kama binti yu hai, wanasema "Aishi!" Kama amekufa, "Alale pema!" Jina, tak, jibu. Jina, tak, jibu. Yalikuwa majina sitini na moja nilipoolewa, na nilipoondoka yalikuwa sabini na mawili. Binti akizaliwa, siku ya saba Bhagbhari anakwenda na kijiko chake, anauliza jina mara moja tu, anagonga ukingo wa kitanda, basi, jina limeingia. Likishaingia halitoki, hata mtu afe, hata aolewe mbali, hata atoroke na mpiga filimbi kama alivyofanya mmoja wao ambaye sitamtaja, maana nina adabu kidogo.

Mimi nilifundishwa jikoni. Nakanda unga, yeye anagonga kijiko kwenye sufuria, ole wangu nikichelewa. "Hajran!" tak. "Alale pema," najibu. "Anayefuata?" Nikisita, mwiko wa kichwa. Nina kovu hapa juu ya sikio, ukitaka nitakuonyesha, jina lake ni Niyamat.

Siku moja alipomaliza yote, nami mikono imeniuma, akasema, "Sasa na sisi. Bhagbhari binti Jindan, binti..."

Nikamkata. "Mama, hawa nao wa nini? Nani atawaitikia? Unga wenyewe umekwisha, na wewe unaniongezea maiti!"

Alinitazama, akaosha kijiko chake. Nilifurahi kwamba kwa mara ya kwanza nimemshinda kwa maneno.

Sasa nikuambie kuhusu Sughran, maana yote yametokana na huyo.

Chaudhry wetu, Inayat, alikuwa na kaka yake mkubwa, Rahmat. Rahmat alimwoa binti wa mfumaji, na kwa watu wale kumwoa binti wa mfumaji ni sawa na kuleta mbuzi mezani. Wakapata mtoto wa kike. Siku ya saba Rahmat mwenyewe alimwita Bhagbhari, akampa shali, na Sughran akagongewa kijiko kama wengine. Mwaka haujaisha Rahmat akafa kwa homa. Mama yake, Bebe Fazlan, hakungoja hata arobaini iishe. Alimtoa yule mjane kwa kumvuta mtandio mpaka barabarani, mtoto mgongoni. Kuanzia hapo ikasemwa kwamba Rahmat hakuoa, na shamba lake likawa la Inayat.

Lakini katika wimbo Sughran alibaki. Hakuna aliyefikiri kumtoa, kwa kuwa nani anasikiliza nyimbo za wanawake? Kila harusi, jina moja katikati ya majina sabini: "Sughran!" tak, na wale wale waliomfukuza wakaitikia "Aishi!" na midomo imejaa wali wa sukari. Bebe Fazlan mwenyewe aliitikia, miaka thelathini na mbili, mkono mmoja ukikuna goti. Hakujua anachosema kama vile wewe hujui unachosema unapopiga chafya.

Basi Sughran akarudi. Alikuwa mwanamke mkavu, amefanya kazi kiwanda cha nguo Lyallpur tangu utoto, kidole kimoja kimeliwa na mashine. Mama yake kabla ya kufa alikuwa amemwambia yeye ni binti wa nani. Akaenda kwa afisa ardhi kudai fungu la baba yake. Inayat akaapa hajawahi kumsikia. Afisa akamuuliza Sughran, una ushahidi gani? Akasema, "Kamuulizeni mirasani wao kama simo."

Akaja kwetu. Bhagbhari alikuwa anachambua dengu. Hakumkaribisha, hakuinua hata kichwa.

"Wewe ndiye wa shali ya kijani," akamwambia. "Umo. Unakuja baada ya Niyamat, kabla ya Rehana. Haya nenda, unanizibia mwanga."

Yule mwanamke akaketi kizingitini akalia mpaka akakohoa. Mimi nilisimama nikihesabu vinywa vilivyomo nyumbani mwangu, vilikuwa saba.

Siku ya tatu Chaudhry Inayat alikuja kwa miguu yake, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Mume wangu Manzur akapangusa kitanda cha kamba kwa kilemba chake. Chaudhry hakukaa.

"Bhagbhari, nasikia siku hizi unatoa ushahidi."

"Mimi natoa majina, Chaudhry. Ushahidi wanatoa waliosoma."

"Lile jina litoke."

"Litoke liende wapi? Halina miguu."

"Usinifanyie umirasi wako! Nitaibomoa nyumba hii, mlale barabarani na mbwa."

"Bomoa. Paa linavuja tangu enzi za baba yako, utatupunguzia taabu."

Nilikuwa nyuma ya mlango, unga mikononi, na naapa kama ningekuwa na uwezo ningeuziba mdomo ule kwa donge la unga mpaka asipumue. Chaudhry alipoondoka nikamtokea. "Umefurahi? Wajukuu zako watalala wapi, kwenye hilo jina?" Akaniambia nikakande unga vizuri, chapati za jana zilikuwa ngumu.

Mungu akaamua ugomvi wetu kwa namna yake. Haukupita mwezi, Bhagbhari akaanguka kwa kiharusi kando ya kisima. Tulipomfikisha nyumbani upande wa kulia ulikuwa umekufa wote, na mdomo umepinda. Ulimi ule! Ulimi uliotutia njaa miaka yote ukawa unatoa "aa, aa" tu kama mtoto. Jicho moja lilibaki zima, na mkono wa kushoto. Nilimlisha uji, nikamfuta, nikamgeuza. Usinisifu, sikufanya kwa upendo, nilifanya kwa kuwa angenuka.

Chaudhry alimtuma mtu aniite mimi. Nilikwenda nikasimama uani kwake, mtandio hadi machoni.

"Khurshidan, wewe una akili kuliko yule kizee. Binti yangu Nusrat anaolewa mwezi ujao. Siku ya hina utaimba wewe. Mke wa afisa ardhi atakuwepo, nimemwalika mwenyewe, asikie kwa masikio yake orodha ya mabinti wa nyumba hii. Jina moja ruka. Moja tu. Ukimaliza, naandika kile kiwanja kwa jina la mumeo. Usiporuka, trekta linajua njia."

Nilikubali. Sikulia, sikufikiri sana, sikuomba siku mbili za kushauriana. Sughran alikuwa na kazi kiwandani. Mimi nilikuwa na paa. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Usinijibu, najua ungesema nini, na najua ungefanya nini.

Mwezi mzima nilijifunza kusahau, na sikiliza, ni kazi ngumu kuliko kukumbuka. Nakanda unga: Hajran, Niyamat, Rehana. Hajran, Niyamat, Rehana. Bhagbhari amelala pale kitandani ananisikia. Kila nikifika hapo, "aa!" na jicho linamtoka. "Lala, mama," namwambia. "Zamu yako imekwisha."

Sikutaka aende kwenye hina. Ni bibi harusi aliyeng'ang'ania. Huyo Nusrat alikuwa mtoto mwenye kelele na asiyejua chochote, alikua kwenye mapaja ya Bhagbhari. Alituma ujumbe: "Bila kijiko cha Bhagbhari mimi sipaki hina, na nitapiga kelele mpaka mkwe asikie." Ikabidi tumbebe na kitanda chake. Alasiri ile ua wa Chaudhry ulijaa wanawake mia, vitambaa vya manjano, harufu ya hina na samli. Mke wa afisa ardhi aliwekwa kwenye kiti, wengine wote chini. Bebe Fazlan alikuwa kwenye mito, mzee, hana meno, mkono gotini.

Mke wa Chaudhry akaniinamia sikioni. "Imba vizuri, mirasani. Ukikosea leo, hata mbwa wenu watalala njaa."

"Mbwa wetu wamezoea, bibi," nikasema, na nikashtuka, maana hiyo ilikuwa sauti ya Bhagbhari kinywani mwangu.

Tukamkalisha Bhagbhari mbele ya ngoma, nikamwekea mto mgongoni. Wasai akampa kijiko mkono wa kushoto. Nikapiga moyo konde, nikaanza.

Iliniendea vizuri. Nitasema ukweli, niliimba kuliko nilivyowahi kuimba. Jina, tak, jibu. Mkono wa kushoto wa kizee ulikuwa mzito lakini haukuchelewa hata mara moja. Wale wa ngamia, wale wa visima vitatu, wale waliokufa mwaka wa tauni, "Alale pema! Alale pema!" Mke wa afisa alikuwa anatikisa kichwa kwa mdundo. Nikafika kwa mabinti wa Bebe Fazlan.

"Hajran!" Tak. "Alale pema!"

"Niyamat!" Tak. "Aishi!"

Nikavuta pumzi niende moja kwa moja kwa Rehana. Tak.

Kijiko kiligonga kabla sijafungua mdomo. Kiligonga pale pale jina lilipopaswa kuwa. Na wanawake mia moja, wasiosikia jina lolote, wakaitikia kwa nguvu zote, "Aishi!" Bebe Fazlan wa kwanza, kwa ufizi wake, "Aishi!" na mkono unakuna goti.

Hata Wasai aliacha ngoma. Watu walikuwa wamemtakia uhai mtu ambaye hajatajwa, na walikuwa wanatazamana kujua ni nani.

Bibi harusi akacheka. "Khurshidan! Umemruka Sughran!" Akainua mkono uliojaa hina mbichi, akawa anahesabu kwa vidole. "Niyamat, Sughran, dada Rehana, halafu mimi. Tangu mdogo nahesabu hivi ningoje jina langu. Hiki kidole kirefu ni Sughran!"

Mama yake alimfinya, lakini tayari. Mke wa afisa ardhi aliinama kwenye kiti chake.

"Sughran ni nani, mwanangu?"

"Binti wa baba mkubwa Rahmat," akasema Nusrat. "Si yumo siku zote? Bebe, si yumo?"

Bebe Fazlan aliendelea kukuna goti. Pembeni pale shangazi mmoja akasema yumo, na mwingine akasema ndiyo, anakuja kabla ya Rehana, hata kwenye harusi yangu aliitwa, na mwingine akaanza kubishana kama ni kidole kirefu au cha pete. Chaudhry alikuwa amemwambia mirasani asahau. Wanawake wake mwenyewe hakuwaambia, kwani hakujua kama wana kitu cha kukumbuka.

Nilimtazama Bhagbhari. Jicho lile zima lilikuwa kwangu, halikuwa na huruma hata chembe. Tak, akagonga tena, ananingoja.

"Sughran," nikasema. Sikuimba, nilisema tu. Na wakaitikia, Wasai akashika ngoma tena, nikamaliza wimbo hadi bibi harusi.

Trekta lilikuja siku ya tatu baada ya harusi, asubuhi, tunakunywa chai. Dereva alikuwa mtoto wa kinyozi, aliona haya, akatupa muda wa kutoa sufuria. Kuta za udongo hazina kelele, zinakaa chini tu kama mtu aliyechoka. Majirani walitazama kutoka kwenye milango yao. Wale wale walioitikia. Hakuna hata mmoja aliyetuletea maji.

Watu huniuliza kama Sughran alipata. Alipata. Ilichukua miaka miwili, akapewa fungu lake, akaliuza kwa adui wa Chaudhry, akarudi Lyallpur. Alinitafuta huku kwenye tanuri la matofali tunakoishi sasa, akaniletea sukari guru na machozi. Sukari niliipokea, mlango nikaufunga.

Lakini nilitaka kukuambia kuhusu ile siku ya tela. Kinyozi alitukodia tela la ng'ombe, tukapakia vitanda, sufuria, watoto, na juu ya yote Bhagbhari, amefungwa kwa mtandio wangu asidondoke. Kijiko mkononi, hakutaka kukiacha. Mimi nilikuwa nimekaa naye nimejaa hasira mpaka meno yananiuma.

"Haya, sasa umeridhika?" nikamfokea. "Nyumba hatuna, ngano hatuna, jina la mtu wa Lyallpur tunalo! Waimbie hao ng'ombe!"

Akagonga. Tak, kwenye ubao wa tela.

"Nini tena?"

Tak. Jicho linanitazama, linangoja. Sijui kwa nini nilielewa. Labda kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kuimbiwa, nyumba zote za watu zilikuwa nyuma yetu. Nikasema, basi, nimpe mara moja anyamaze.

"Bhagbhari!" Tak. Watoto wangu, kwa mazoea tu, juu ya magodoro, wakaitikia, "Aishi!"

Upande mzima wa mdomo wake ukatabasamu. Sikuwahi kumwona hivyo.

"Binti Jindan!" Tak. "Alale pema!"

"Binti..."

Tak.

Najua mabinti sabini na wawili wa nyumba iliyotubomolea, najua aliyekufa kwa tauni na aliyetoroka na mpiga filimbi. Mama yake Jindan simjui. Nilimkata siku ile, mikono ikiwa na unga, na hakurudia tena.

"Nani, mama?" nikamuuliza. "Jindan binti nani? Niambie."

"Aa," akasema. "Aa, aa," na jasho linamtoka kwa kujaribu. Kisha akaacha, akainua kijiko, tak, akaningoja. Alikwenda hivyo hivyo hadi njia panda ya Jhang, anagonga, ananingoja, na watoto wakinitazama mdomoni wapate jina la kuitikia.